Picha Ukutani, Hoja Kinywani

Dereva atokaye Dar es Salaam afikapo Chalinze hukuta njia panda. Akienda moja kwa moja ataelekea Morogoro, na mbele yake Dodoma, au Iringa na Mbeya. Akipinda kulia ataelekea Msata na Segera, kisha Tanga, au Moshi na Arusha. Kibao cha barabarani humwambia neno hilo kwa majina machache na mishale. Hakimwelezi historia ya Morogoro, hakimtajii idadi ya wakazi wa Tanga, wala hakimshukuru aliyetoa fedha za kununulia rangi. Aliyekiandika alijua mambo mawili: kwamba msomaji wake yu mbioni, na kwamba msomaji huyo ana uamuzi wa kufanya. Mambo hayo mawili, ayajuayo mwandishi wa vibao, ndiyo yawapoteayo wasomi wengi wasimamapo mbele ya watu na slaidi zao.

Desturi ya wasomi hao yajulikana. Msemaji huwasha kompyuta, projekta hutupa nuru ukutani, na ukuta hujaa maandishi. Slaidi ya kwanza ina jina la mada lenye mistari mitatu. Ya pili ina nembo za taasisi. Ya tatu ina orodha ya mambo yatakayosemwa, ambayo yenyewe ni mengi kuliko muda uliopo. Kisha msemaji hugeuka, akawapa wasikilizaji kisogo, akaanza kusoma. Wajuao kusoma lugha ile wamekwisha kumaliza kabla yake. Wasioijua hawataanza kamwe. Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Siku hizi mwenye macho husomewa alichokwisha kukisoma, asiyejua lugha huachwa gizani mbele ya nuru, na wote wawili huandikwa katika taarifa kwamba wameelimishwa.

Si haki kukitupia lawama chombo. Programu ya PowerPoint, ambayo slaidi nyingi za leo hutengenezwa kwayo, ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Forethought, mkuu wa kazi hiyo akiwa Robert Gaskins. Mwaka ule ule kampuni ya Microsoft iliinunua Forethought kwa dola milioni 14. Kilichouzwa kilikuwa njia ya kutengeneza picha za kuonyesha, wala hapana aliyeuza hoja pamoja nayo. Jembe halilaumiwi kwa shamba lililolimwa upogo. Kosa ni la mpangaji aifunguaye programu kabla hajajua atakalo kusema, akamwaga ndani yake ripoti nzima, kisha akaiita takataka ile wasilisho. Mpango wa wasilisho hauna budi kuanza na msikilizaji, yaani na jambo ambalo msikilizaji atatakiwa kuliamua akiisha kusikia. Slaidi isiyomsaidia katika uamuzi huo ni pambo. Na slaidi imzuiayo kuuliza swali ni pazia lililoshushwa mbele ya uso wake.

Huenda mtu akadhani kwamba haya ni mambo ya adabu ya semina, na kwamba hasara yake ni usingizi wa alasiri tu. Na aende Chalinze akaone. Katika Halmashauri ya Chalinze, iliyo ndani ya Wilaya ya Bagamoyo, wako wakulima wa mananasi huko Kiwangwa, wako wakulima wa mahindi na mihogo, wako wafugaji wenye makundi makubwa ya ng'ombe, na uko Mto Wami ambao wote hao wautazamia maji. Ugomvi wa mkulima na mfugaji juu ya malisho na maji si hadithi ya kale katika nchi hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, haikumwachia mtaalamu uamuzi wa ardhi ya kijiji. Halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi bila kupata kwanza kibali cha mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo ni wa wanakijiji wote waliotimiza miaka 18. Tena ipo Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007, ambayo chini yake kijiji hupangiwa mahali pa kulima, pa kulisha, pa kujenga na pa kuhifadhi. Basi pale mtaalamu afikapo na projekta yake, wasikilizaji wake si watazamaji. Hao ndio waamuzi, naye ni mshauri tu aliyeitwa kuwafafanulia jambo lao.

Na ufikiriwe mkutano mmoja wa namna hiyo. Ni mfano wa kubuni, lakini aliyepata kuhudhuria mikutano hatauona mgeni. Watu wamekusanyika katika darasa la shule ya msingi. Madirisha yamezibwa kwa khanga ili picha ionekane, na joto ni kali. Kijana mtaalamu, mwenye elimu yake na nia yake njema, amekuja na slaidi 40. Ramani yake ina rangi saba, na maelezo ya rangi hizo yameandikwa kwa Kiingereza kwa herufi ndogo mfano wa chembe za mtama. Bibi mmoja ananyosha mkono.

"Mwanangu, hapo penye kijani ndipo kilipo kisima chetu, au kisima kimeachwa nje?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Hilo lipo mbele, kwenye slaidi ya thelathini. Naomba subira yako."

Bibi anaketi. Slaidi ya thelathini haifikiwi, kwa sababu saa zimekwisha na gari lazima lirudi mjini kabla ya usiku. Mwenyekiti anawataka wakubalio wanyoshe mikono. Mikono inanyoshwa, kwa kuwa mgeni ameheshimiwa, na kwa kuwa si vyema kukataa jambo ambalo mtu hakulielewa. Muhtasari unaandikwa kwamba wananchi walishirikishwa. Kiangazi kijacho ng'ombe wanafika kisimani, kila upande una karatasi ya kuutetea, na kila upande waapa kwamba ndivyo ulivyoambiwa. Swali la bibi, lililoahirishwa kwa adabu, ndilo lililokuwa wasilisho zima. Slaidi nyingine 39 zilikuwa maelezo yake, au hazikuwa na kazi.

Wako watetezi wa desturi hii, na si haki kuwahukumu bila kuwasikia. Wa kwanza husema kwamba watu hupenda picha, na kwamba picha ikiisha kuonekana kazi imekwisha. Hoja hii ni kongwe kuliko umeme wa Chalinze. David Livingstone, ambaye maiti yake ilifikishwa Bagamoyo mwezi wa Februari 1874 na kina Chuma na Susi, alisafiri akiwa na taa ya kuonyeshea picha zilizochorwa katika vioo. Mwaka 1854, kwa Shinte, mtawala wa Walunda, alionyesha picha ya Ibrahimu akiinua kisu amchinje Isaka. Wanawake walitazama kimya kwa kicho. Lakini alipokivuta kioo, kisu kilionekana kuwajia wao. Wakapiga ukelele wakamwita mama, wakatimua mbio. Shinte alikaa imara mpaka mwisho, kisha akakichunguza chombo chenyewe. Livingstone aliandika kwamba mafundisho ya taa ile ndiyo pekee aliyopata kusihiwa ayarudie. Akaandika pia kwamba kila mara aliongeza maelezo ya namna chombo kinavyofanya kazi, ili mtu asidhani kuna muujiza ndani yake.

Katika kisa hicho picha ilipendwa, na picha ikaogopwa. Lakini kupendwa na kuogopwa si kueleweka. Nguvu ya picha humfikia mtu kabla ya maana yake. Ndiyo maana picha iliyoachwa bila maelezo humtawala mtazamaji badala ya kumtumikia. Shinte alitenda lililo haki ya kila mwenyeji: alitaka kujua kitu kile ni nini na chafanya kazi vipi. Mwanakijiji wa leo aulizaye rangi ya kijani maana yake nini, nani aliipaka, na mpaka ulipimwa siku gani, yuko katika haki ile ile. Msemaji asiyempa nafasi ya kuuliza amerudi nyuma ya mwaka 1854.

Mtetezi wa pili husema kwamba maneno ya taaluma hayamo katika Kiswahili, na kwamba kwa sababu hiyo slaidi hazina budi kuandikwa kwa Kiingereza. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri katika milima ya Usambara palikuwa na jaribio la sinema za mafunzo, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Jaribio lile lilikuwa la watawala, na lilikuwa na dharau za watawala juu ya akili ya Mwafrika. Hata hivyo, maneno ya filamu zile yalitiwa katika santuri kwa lugha kadhaa za watazamaji, Kiswahili kikiwa mojawapo. Ni aibu iliyoje kwamba mkoloni aliona haja ya kusema kwa lugha ya mtazamaji, na mhitimu wa leo, aliyezaliwa katika lugha hiyo, haioni! Mpaka, malisho, akiba, chanzo cha maji, mmomonyoko wa udongo, hati, fidia: ni neno lipi kati ya hayo lililopungua? Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Lugha itoshayo kumhukumu mtu mahakamani haiwezi kukosa maneno ya kumwonyesha kisima chake.

Itasemwa kwamba mfadhili hutaka Kiingereza. Na apewe ripoti yake kwa Kiingereza, mezani pake, asome kwa nafasi. Ripoti na slaidi ni vitu viwili: ripoti husomwa na mtu aliye peke yake, awezaye kurudi nyuma ya ukurasa, slaidi hutazamwa na watu wengi kwa pamoja, huku wakisikiliza. Azifanyaye mbili hizo kuwa moja, ili ajipunguzie kazi, huharibu zote mbili, na mzigo alioutua humtwisha msikilizaji.

Mtetezi wa tatu ndiye mwenye kiburi zaidi. Yeye husema kwamba wingi wa maneno katika slaidi ni alama ya elimu, na kwamba kufupisha ni kuwashusha wasomi hadi kiwango cha wasiosoma. Huyu na ajibiwe kwa mfano wa wasomi wenyewe. Mwezi wa Januari 2003, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kiliporushwa, kipande cha povu la kukinga joto kilibanduka katika tangi kikaligonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walipima hatari ile, na majibu yao yakawafikia wakubwa katika slaidi. Kichwa cha slaidi moja mashuhuri kilituliza moyo. Chini kabisa, katika mistari midogo iliyopangwa ngazi kwa ngazi, ndimo lilimoandikwa neno zito: kwamba kipande kilichoaminiwa kuligonga bawa kilikuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, na kile kilichotumiwa katika majaribio inchi za ujazo 3 tu. Tarehe 1 Februari 2003 chombo kilivunjika kikirejea duniani, na watu wote saba waliokuwamo walikufa. Ripoti ya tume ya uchunguzi, iliyotolewa mwezi wa Agosti mwaka huo, ilitumia uchambuzi wa Edward Tufte, mtaalamu wa kuonyesha habari kwa michoro, na ikasema kwamba ni rahisi kuona jinsi kiongozi angeweza kuisoma slaidi ile asitambue kwamba yahusu hatari ya uhai.

Haisemwi hapa kwamba slaidi ndiyo iliyowaua watu wale. Tume yenyewe ilitaja sababu nyingi, za chombo na za uongozi. Lakini na itazamwe vizuri. Waandishi wa slaidi ile walikuwa wasomi, wasomaji wake walikuwa wasomi, na lugha ilikuwa yao. Hawakukosa elimu wala Kiingereza. Kilichokosekana ni mpango: jambo kubwa liliwekwa mahali pa jambo dogo. Ikiwa watu wa anga walipotezwa na mpangilio mbaya, bibi wa Chalinze ana kosa gani? Mpangilio ni sehemu ya ukweli. Atiaye habari ya hatari chini ya orodha ndefu amesema kweli kwa namna isiyosikika, na kweli isiyosikika haimwokoi mtu.

Wala hakuna haja ya kuvuka bahari ili kujifunza mpango ulio bora. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kwa muda wa majuma 12. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasomewa sura ya kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watafanya nini: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kulinda maji ya kunywa. Vipindi vile havikuwa na slaidi, lakini vilikuwa na kitu ambacho slaidi nyingi za leo hazina. Kila juma lilikuwa na jambo lake, kila jambo lilikuwa na mjadala wake, na kila mjadala ulikuwa na tendo mwishoni mwake. Mjadala haukuachiwa dakika tano za mwisho kama sadaka kwa wenye subira. Mjadala ndio uliokuwa kazi. Redio na kitabu vilikuwa vifungua kinywa.

Kutokana na hayo, njia ya kupanga wasilisho yaonekana wazi, wala si ngumu. Ugumu wake ni wa kiburi tu. Kwanza, mpangaji na aandike katika karatasi, kompyuta ikiwa imefungwa, sentensi moja: wasikilizaji hawa wataamua nini? Akishindwa kuiandika, hana wasilisho bado. Pili, na ayaandike maswali matatu au manne ambayo watu hao watayauliza bila shaka, na kila swali alipe jibu na ushahidi wake. Tatu, ndipo ajiulize ni jibu lipi lihitajilo kuonekana kwa macho. Ramani huhitaji kuonekana. Ahadi huhitaji kusikika. Hesabu ya fidia huhitaji kuandikwa katika karatasi ambayo mtu ataondoka nayo. Si kila kitu ni cha ukutani.

Slaidi ichukue jambo moja, na kichwa chake kiseme jambo hilo kwa sentensi kamili. "Matumizi ya Ardhi" si kichwa, ni jina la kabati. "Kisima kitabaki ndani ya eneo la kijiji zima" ni kichwa, kwa sababu mtu aweza kukikubali au kukikataa. Ramani ianze na vitu ambavyo wenyeji huvijua: shule, msikiti, barabara, mto, kisima, mtu akiisha kujiona katika ramani, ndipo aonyeshwe mpaka mpya. Rangi ziwe chache, na maana yake iandikwe juu ya rangi zenyewe. Herufi zipimwe na macho ya mtu aliyeketi safu ya mwisho, si ya yule aliyeshika kompyuta. Msemaji awaelekee watu, kwa kuwa ukuta hauna swali. Na swali likija, lijibiwe pale pale, hata kama litavuruga utaratibu. Utaratibu usioweza kuvurugwa na swali la bibi ulipangwa kwa ajili ya msemaji mwenyewe.

Jambo la mwisho latakiwa kutazamwa na vyuo. Mwanafunzi hufundishwa namna ya kubadili rangi za slaidi na namna ya kuzifanya herufi ziruke. Mara chache huulizwa kama ana hoja. Kuna mtihani mmoja rahisi ambao kila mwalimu aweza kuutoa. Mwanafunzi akiwa katikati ya wasilisho lake, projekta izimwe. Huko vijijini itazimwa bila mwalimu: umeme utakatika, au mkutano utahamia chini ya mwembe, ambako jua la saa sita hufuta kila picha. Mwenye hoja ataokota kijiti, atachora mto na kisima mchangani, na ataendelea na maneno yake. Huenda wazee wakamnyang'anya kijiti wakamsahihisha mchoro, na hapo ndipo mkutano utakapoanza. Asiye na hoja atasimama akiitazama mashine yake mpaka umeme urudi. Mwanafunzi huyo asipewe alama kwa uzuri wa slaidi zake. Aambiwe arudi mezani, achukue kalamu, na aanze na swali la bibi.